Kutoka leba hadi ofisi ya takwimu

Katika hospitali niliyofanyia kazi, ofisi ya takwimu, tunayoiita ya MTUHA, ilikuwa mahali pa kupumzishia watu. Mjamzito aliyeingia miezi ya mwisho, mzee anayehesabu miezi ya kustaafu, aliyevunjwa mguu na bodaboda, na yule ambaye mfawidhi amechoka kugombana naye, wote waliishia huko. Chumba kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa: feni moja, kabati la chuma lisilofunga, na marundo ya rejista za miaka ya nyuma ambazo mchwa walishaanza kuzisoma kabla yetu. Kwa hiyo daktari aliponiandikia "kazi nyepesi" kwa sababu ya mgongo, nilijua ninakopelekwa kabla muuguzi mfawidhi hajafungua mdomo.

Habari ya mgongo wangu si ndefu. Vitanda vya leba yetu vilikuwa vya zamani, havipandi wala havishuki, na mkunga kazi yake ni kuinama. Unainama kupima njia, unainama kumpokea mtoto, unainama kushona, na katikati ya hayo unamkamata mama aliyeamua kuchuchumaa sakafuni wakati wewe unamtaka kitandani. Picha zikaonyesha pingili za chini zimechoka. Nisibebe vizito, nisisimame muda mrefu. Muuguzi asiyesimama! Siku ile nililia, nikala, nikalala. Asubuhi nikaenda kuripoti nyuma ya stoo ya dawa.

Ninaandika kwa sababu wadogo zangu niliowaacha wodini wananitumia ujumbe usiku wa manane wakiwa zamu: "Dada, shikamoo. Huko ofisini mtu anaingiaje?" Wanauliza kama kuna mlango wa siri. Kwa wengi wao jibu la kweli litakuwa la bahati kama langu, au la kuomba kwa ujanja, au la kusoma upya kwa pesa yako mwenyewe. Ila kuingia ndiko rahisi. Nataka niwaambie kuhusu kazi yenyewe, maana hiyo hakuna anayeiuliza.

Kwa ambao si watu wa afya: MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje anaandikwa rejista namba 5, mjamzito anayehudhuria kliniki namba 6, anayejifungua namba 12, na akirudi baada ya kujifungua, namba 13. Mwisho wa mwezi mtu anakaa na penseli na rula, anahesabu mistari kwa vijiti vitanovitano, anajaza fomu ya mwezi, na fomu hiyo inatakiwa iwe wilayani ikifika tarehe 7. Wilayani inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, ambao hadi mwisho wa 2013 ulikuwa umefika wilaya zote za nchi yetu, Tanzania. Baada ya hapo, mtu mwenye ruhusa akiwa Dodoma anaweza kuona wanawake wangapi wamejifungulia kwenye zahanati ambayo hata barabara yake haijui.

Wodini tuliichukia rejista namba 12. Ni kitabu kipana, mstari wa mama mmoja unaanzia ukurasa wa kushoto unamalizikia wa kulia, na safu ni nyingi. Saa tisa usiku uko peke yako na mhudumu mmoja. Mama wa kitanda cha kwanza anasukuma, wa pili kondo limekawia kutoka, wa tatu ndiyo anashushwa kwenye bodaboda getini na mama mkwe wake anapiga kelele. Nani anakumbuka safu? Unaandika muda wa kuzaliwa kwenye kipande cha plasta, unakibandika kwenye gauni, unaendelea. Rejista inajazwa alfajiri, macho mekundu, kabla ya kukabidhi zamu. Ndiyo maana usishangae ukiona zamu nzima ya usiku imeandikwa kwa wino mmoja na mwandiko unaolala upande mmoja.

Kule ofisini nilitakiwa kuhesabu tu. Hakuna aliyeniambia nisome. Lakini mtu aliyekaa leba hawezi kupitisha macho kwenye namba 12 bila kuisoma, kwa sababu kila mstari anauona na sura yake: huyu mimba ya tano, huyu ana miaka kumi na sita, huyu amefika njia imeshafunguka yote, ina maana ametoka mbali au amezuiliwa nyumbani. Nikaanza kusoma, na nikaanza kuona mambo.

La kwanza ni presha. Kurasa na kurasa za 120/80. Wanawake wenye uchungu, wengine wamekuja kwenye pikipiki kilomita kadhaa za vumbi na mashimo, halafu presha zao zote zimelingana kama sare za shule. La pili ni uzito wa mtoto: 3.0, 3.0, 3.2, 3.0, 2.5, 3.0. Watoto wa kweli wanazaliwa na 2.7 na 3.4 na 2.9. Na hiyo 2.5 ina siri yake: mtoto mwenye uzito chini ya hapo anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na akishakuwa na uzito pungufu kuna maelezo, kuna kumpakata kifuani kwa mama kwa njia ya kangaruu, kuna kumfuatilia. Akiwa 2.5 kamili, mama anaruhusiwa kesho. La tatu ni alama ya Apgar, ile tunayompa mtoto dakika ya kwanza na ya tano kwa kuangalia rangi, mapigo, anavyolia. Wote 8 na 10. Ukifuata rejista zetu utadhani hatujawahi kumzindua mtoto, na mimi mikono yangu inajua wangapi tuliwapulizia hewa kwa ambu huku bibi yake akisoma dua mlangoni.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba nina kitu ambacho wenzangu wa takwimu hawana. Mtakwimu akiona safu ya 120/80 anaona uvivu, au anaona udanganyifu. Mimi naona mashine ya presha iliyoisha betri tangu Pasaka. Huenda yeye yuko sahihi, huenda mimi. Ila mimi najua pa kwenda kuangalia.

Mfano ambao nausimulia kila nikipata nafasi. Baadaye, nilipohamishiwa wilayani kusaidia uratibu wa MTUHA, tulikwenda zahanati moja ya huku Kusini kuhakiki ubora wa takwimu. Ilikuwa msimu wa korosho, kijiji chote kiko mashambani. Nilikuwa na kijana mmoja, msomi, mwenye shahada yake nzuri, anayepiga hesabu za kompyuta haraka kuliko ninavyokunywa chai. Alifungua namba 12, akaona watoto wote wa robo mwaka ni kilo 3.0. Akaandika kwenye daftari lake kwamba takwimu zimetungwa. Hakukosea, zilikuwa zimetungwa.

Nikamwambia muuguzi wa pale, mama mtu mzima anayefanya kazi peke yake: "Dada yangu, naomba nione mizani." Akaitoa kabatini. Mshale umenasa. Uweke mtoto, uweke tikiti, uweke kitenge kitupu, haukuondoka pale pale penye 3. Akasema, bila hata hasira: "Hii nimeiombea mbadala mpaka nimechoka. Sasa nifanye nini, niache wazi? Nikiacha wazi mnanigombeza."

Na ni kweli tulikuwa tunamgombeza. Ripoti zinapimwa kwa ukamilifu na kwa kuwahi. Zahanati iliyojaza kila kisanduku kabla ya tarehe 7 inapata kijani kwenye jedwali, iliyoacha visanduku wazi inapata nyekundu, na nyekundu inasomwa mbele ya watu kwenye kikao. Mfumo mzima unamwambia muuguzi kwamba namba ya uongo ni bora kuliko nafasi tupu. Halafu tunasafiri na gari la serikali, mafuta ya serikali, kwenda kumshangaa kwa nini ameandika uongo. Kwa uzoefu wangu, uzembe upo, siwezi kuukana, lakini takwimu mbovu nyingi nilizokutana nazo zimetokana na mtu kuogopa kusemwa. Yule kijana alifuta sentensi yake. Nampenda kwa hilo hadi leo, sasa hivi ndiye anayekuwa wa kwanza kuomba kuona mizani.

Kwenye sherehe za ukoo nako kazi hii ina vituko vyake. Zamani nilikuwa "nesi wetu": mtu akikohoa naitwa, mtoto akianguka naitwa. Siku hizi nina mjomba anayenisubiri kwa ajili ya mabishano. Mwaka ule matokeo ya utafiti wa afya wa 2022 yalipotoka, kwamba vifo vya uzazi ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000 wakati ule wa 2015-16 ulisema 556, alinikamata kabla sijakaa. "Haya mtu wa takwimu. Ni kweli au mmepika?"

Shikamoo mjomba, kwanza. Halafu nikamweleza kwamba namba ile haikutoka kwenye rejista zangu hata moja. Utafiti ule unapita kaya kwa kaya, unawauliza watu kuhusu dada zao wa tumbo moja: yuko hai, kama hayuko alifariki lini, alikuwa mjamzito, alikuwa amejifungua? Kutoka hapo yanapatikana makadirio ya miaka iliyotangulia utafiti, na makadirio yana juu yake na chini yake, wala hayafanani na kuhesabu majeneza. Rejista zangu zinahesabu waliofariki mikononi mwetu tu. Aliyefia njiani kwenye machela ya kitanda, mimi simwoni. Mjomba akasema basi hakuna anayejua. Nikamwambia najua mawili. Waliojifungulia kwenye vituo walikuwa asilimia 63 utafiti ule wa kwanza, wakafika 81 huu wa pili. Na nimeona kwa macho yangu vituo vya afya vikijengewa vyumba vya upasuaji kuanzia 2017, na mama akipigiwa simu 115 ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, gari linatoka. Kwamba vifo vimepungua naamini. Kama ni kwa kiasi kile kile kilichoandikwa, mtu wa rejista hawezi kuapa. Hakuridhika. Mjomba haridhiki na lolote ambalo halina mshindi.

Turudi kwenye hiyo 81, maana wodini inasomeka tofauti. Ofisini ni mafanikio na nimeiweka kwenye mawasilisho kwa rangi nzuri. Kule leba maana yake ni akina mama wengi zaidi kwa vitanda vile vile na, mara nyingi, muuguzi yule yule. Asiyewahi kufanya zamu anaisoma namba hii mara moja. Mimi naisoma mara mbili, na ya pili inaniuma mgongo.

Sasa pesa, kwa kuwa ndilo swali mnalolificha nyuma ya salamu. Kwenye karatasi ya mshahara mimi bado ni muuguzi. Waratibu wengi wa MTUHA wilayani ni hivyo hivyo, wauguzi na matabibu waliopewa majukumu, kada yao haijaguswa. Kubadilishiwa kada rasmi ni safari ya vibali, na ukihamia kada isiyo ya afya unashuka kwenye ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya, TGHS, na kuanza kupanda nyingine, kwa hiyo kaa na afisa utumishi akuonyeshe kwa karatasi, usisikilize ya kantini. Ninachokosa ni posho za zamu na muda wa ziada, ambazo wodini zilikuwa zinalipa ada za shule, zikitoka. Ninachopata ni posho ya safari, ambayo nayo ni ikitoka.

Wenzangu kadhaa waliona niko polepole. Waliacha serikali wakaenda kwenye miradi, ya Ukimwi hasa, kwenye takwimu na ufuatiliaji wa CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU. Mshahara mara mbili, kompyuta mpya, hoteli. Nilitamani, nani hatamani? Nikaomba kazi moja, sikuitwa hata kwenye usaili. Halafu ikaja Januari 2025, Rais Trump akasaini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje siku ile ile ya kuapishwa, tarehe 20, na ndani ya siku chache simu za wenzangu zikawa za huzuni. Wengine walikuwa na mkopo wa kiwanja. Makarani wa takwimu ambao tuliwazoea kwenye CTC za kwetu, hawapo, na ripoti walizokuwa wakiandaa zikarudi kwa muuguzi yule yule mwenye foleni mlangoni. Simcheki mtu. Ila mdogo wangu anayeniuliza kama aache ajira aende mradini, namuuliza mkataba ni wa muda gani na nani anatoa fedha, na kama hawezi kunijibu la pili, namwambia arudi akaulize.

Kuhusu ujuzi: msiogope hesabu. Asilimia, kujua nini kinagawanywa kwa nini, na kutambua pale ambapo kigawanyo ni cha kubahatisha. Chanjo asilimia 130 si bidii ya mhudumu, ni idadi ya watoto iliyokadiriwa chini, au watoto wa kijiji cha jirani wanachanjwa kwako. Ekseli nilijifunza kwa binti wa dada yangu aliyekuwa kidato cha sita, akinilipisha vocha. Kozi za awali za DHIS2 za Oslo zipo mtandaoni bila malipo, zinataka bando na uvumilivu, na ni za Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nazisimamisha kila baada ya sentensi mbili. Kitu ambacho hakuna kozi iliyonifundisha ni kukabidhi zamu. Miaka yote ya kusimama alfajiri mbele ya wenzangu na kusema kwa dakika chache nani yuko hatarini, nini kimefanyika, nini hakijafanyika na kwa nini: ndiyo ripoti nzuri ya takwimu hiyo. Ma-DMO, waganga wakuu wa wilaya, hawataki kurasa arobaini. Wanataka kujua kitanda gani kina damu.

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nahuisha kila muda wake ukifika, na pointi za mafunzo nazikusanya. Mume wangu anauliza tunalipia nini wakati sishiki sindano. Namwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Wodi naikumbuka? Usiku siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka watu kunijua. Sokoni bado kuna akina mama wananionyesha mtoto: "Huyu ndiye uliyempokea wewe, ulimpiga makofi akalia." Miaka hii ya ofisini hakuna aliyenisimamisha sokoni kunishukuru kwa ukamilifu wa ripoti. Na kuna dharau ndogo ndogo. Wenzangu walinipa jina la "mheshimiwa wa kompyuta", na hadi leo nikifika leba kuchukua rejista kuna anayesema, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba wengine walizaliwa kukaa. Nanyamaza. Wamechoka, na nikiwa mkweli, kwenye kiti nimekaa.

Ile mizani iliyonasa ilinipa kazi ambayo sikuitegemea. Niliporudi wilayani nilipekua uzito wa watoto wa vituo vyote, nikatoa orodha ya vile ambavyo watoto wake wanazaliwa kwa namba za mviringo tu, na tukapiga simu kimoja kimoja. Si kimoja tu kilichokuwa na mizani mbovu. Wakati wa kuandaa mpango wa afya wa halmashauri nikaingia na karatasi yangu, nikabishana na mtu wa manunuzi, nikabishana na mtu wa mafuta ya magari, na mizani ikapata mstari wake kwenye bajeti. Ilichukua muda, kama kila kitu cha halmashauri, lakini ilifika.

Mwezi uliofuata zahanati ya yule mama ikaleta uzito wa kweli: 2.9, 3.3, 2.2, 3.1, 2.4. Watoto wadogo ambao miaka yote walikuwa wanarudi nyumbani wakiitwa kilo tatu, sasa wanaonekana. Kwenye DHIS2 ule mstari wa uzito pungufu ukapanda kwenye vituo vyote vilivyopata mizani. Robo mwaka ikafika, jedwali likawekwa ukutani, na kata ile ikawa nyekundu. Mjumbe mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa ukali kwa nini huduma za wajawazito zimeshuka na watoto wameanza kuzaliwa wadogo, na nani atawajibika. Yule mama wa zahanati alikuwa amekaa nyuma, amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi. Nikanyoosha mkono kabla hajasimama. Mwenyekiti akanipa dakika tano. Nilitumia kumi na tano, na swali la pili la yule mjumbe nilimpa yule kijana wa shahada ajibu.